Kulinganisha ushiriki katika nguvu kazi: Morisi na Komoro, mwaka hadi mwaka

Ukifungua takwimu za Benki ya Dunia ukachagua Morisi na Komoro, ndani ya dakika moja unapata mistari miwili laini inayoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi huishia hapo. Wanainakili grafu, wanaandika kwamba kisiwa hiki kimepanda na kile kimeshuka, basi. Kumbe mistari hiyo haina uzito sawa. Morisi ina utafiti endelevu wa kaya tangu 1999, kwa hiyo mstari wake umeshikiliwa na watu walioulizwa kweli. Wa Komoro umeshikiliwa na vigingi vichache tu, yaani miaka michache yenye sensa au utafiti, na kati ya kigingi na kigingi ni modeli ya kompyuta inayojaza kwa kuangalia nchi nyingine zinazofanana nayo. Kazi yako ya kwanza ni kujua vigingi viko wapi.

Kwanza, kipimo chenyewe

Kiwango cha ushiriki ni watu wenye kazi, kujumlisha wasio na kazi wanaoitafuta, gawanya kwa watu wote wenye umri wa kufanya kazi, zidisha kwa 100. Mwenye kazi ni aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki iliyoulizwa, pamoja na aliyekuwa likizo au mgonjwa lakini kazi yake ipo. Asiye na kazi lazima atimize mambo matatu: hana kazi, ametafuta ndani ya wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuanza. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta yuko nje ya nguvu kazi, sawa na mwanafunzi au mzee aliyestaafu.

Kwa sababu hiyo kiwango kinaweza kushuka bila mtu hata mmoja kufukuzwa kazi. Kinaweza pia kupanda kwa sababu maisha yamebana na kila mwenye mikono ametoka kutafuta. Kiwango kikubwa si sifa, na kidogo si aibu.

Kupakua

Kwenye Benki ya Dunia tafuta kwa msimbo wa kiashiria, si kwa jina, maana majina yanafanana mno. Unahitaji angalau hivi:

SL.TLF.CACT.ZS – wote, miaka 15 na zaidi, makadirio ya modeli ya Shirika la Kazi Duniani (ILO)
SL.TLF.CACT.FE.ZS na SL.TLF.CACT.MA.ZS – hayo hayo kwa wanawake na kwa wanaume
SL.TLF.ACTI.ZS – miaka 15 hadi 64
SL.TLF.CACT.NE.ZS – makadirio ya nchi yenyewe, yasiyojazwa na modeli

Hicho cha mwisho watu hukipuuza kwa sababu kimejaa nafasi tupu. Nafasi hizo tupu ndizo zenye habari. Kiweke kando ya kile cha kwanza, mwaka kwa mwaka: pale ambapo cha kwanza kina namba na cha mwisho hakina, anza kwa kushuku kwamba namba imekadiriwa, kisha thibitisha kwa vyanzo vya nchi.

Misimbo ya nchi ni MUS kwa Morisi na COM kwa Komoro. Katika orodha ya alfabeti Komoro imekaa jirani na Kongo zote mbili (COG na COD), na kuteleza mstari mmoja ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Ukitumia fomula ya kutafuta katika Excel, iambie itafute msimbo kamili, si unaokaribiana.

Faili la CSV la kiashiria kimoja huja na mistari minne ya maelezo juu, vichwa vya safu vinaanza mstari wa tano. Ukipakulia upande wa DataBank (ukurasa wa Benki ya Dunia wa kujichagulia jedwali), nafasi tupu huandikwa nukta mbili (..), na Excel huzisoma nukta hizo kama maandishi, zifute kabla ya kupiga hesabu yoyote. Ripoti za Komoro ziko kwa Kifaransa na hutumia mkato badala ya nukta ya desimali. 43,5 iliyobandikwa kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kiingereza inaweza kugeuka 435, na ukiwa na haraka hutaiona mpaka grafu ipae.

Andika tarehe uliyopakua. Makadirio ya modeli hurekebishwa kila toleo jipya, na marekebisho hurudi nyuma miaka mingi. Usichukue Morisi ya faili la mwaka juzi ukaiunganisha na Komoro ya faili la leo.

Jedwali la vyanzo, kabla ya grafu

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kwa kila namba unayotaka kuitegemea, jaza mstari mmoja: mwaka na miezi ya ukusanyaji, aina ya chanzo (sensa au utafiti wa kaya), umri wa chini, maana ya kazi iliyotumika, eneo lililohusika, ukubwa wa sampuli, na kama mtu alijijibia mwenyewe au mkuu wa kaya alimjibia. Ukishindwa kujaza zaidi ya nusu ya safu hizo, namba hiyo iache kwenye daftari.

Umri. Takwimu za taifa za Morisi huhesabu kuanzia miaka 16. Sensa zake za zamani ziliuliza shughuli za kiuchumi kuanzia miaka 12. Namba za kimataifa huanzia 15. Ukiacha watoto wa miaka 12 hadi 14 kwenye kigawanyo, unaongeza watu ambao karibu wote wako shuleni, na kiwango kinashuka kwa sababu ya shule tu. Dawa ni kurudi kwenye jedwali la umri wa miaka mitano mitano, ukaondoa kundi lisilohitajika juu na chini ya sehemu (kwenye nguvu kazi na kwenye watu wote), ukagawanya upya. Usipunguze kwa kukisia.

Eneo. Komoro ya takwimu ni visiwa vya Ngazidja, Nzwani na Mwali. Maore (Mayotte) imebaki chini ya Ufaransa tangu uhuru wa 1975 na hesabu zake zinafanywa na Wafaransa, usiziongeze. Jamhuri ya Morisi inajumuisha kisiwa cha Rodrigues, na maisha ya Rodrigues, yenye kilimo na uvuvi mdogo, si ya mji mkuu, Port Louis. Majedwali mengi ya Morisi hutolewa kwa namna mbili, kisiwa kikuu peke yake na jamhuri nzima. Chagua moja na ubaki nayo miaka yote.

Wageni. Viwanda vya nguo vya Morisi vina wafanyakazi kutoka Bangladesh, India na Madagaska, wengi wakilala mabwenini. Utafiti wa kaya haufiki bwenini, na viwango vya taifa vinahusu Wamorisi. Ukichukua jumla ya ajira kutoka ripoti za waajiri, wageni wakiwemo, ukaigawanya kwa idadi ya Wamorisi, utapata kiwango cha nchi isiyokuwepo.

Maneno. Katika ripoti za Komoro unachotafuta ni "taux d'activité" (kiwango cha ushiriki). "Taux d'emploi" ni kitu kingine: wenye kazi tu, bila wanaotafuta. Ukiona "au sens large" (kwa maana pana), ujue wamehesabu pia waliokata tamaa ya kutafuta, na namba hiyo haikai meza moja na ya Morisi iliyopimwa kwa maana finyu.

Nani anafanya kazi?

Umri na eneo ni mambo ya kusahihisha kwa kalamu. Hili la maana ya kazi linaweza kuhamisha nchi nzima.

Mchukulie mama wa kijijini Nzwani. Asubuhi anakwenda shambani kuchimba muhogo, anarudi na kuni, jioni anaweka mafungu mawili ya ndizi kando ya barabara. Karani akimuuliza, "Unafanya kazi?" atajibu, "Hapana, niko nyumbani tu." Kazi kwake ni ile yenye ofisi. Akiulizwa, "Katika siku saba zilizopita, hata kwa saa moja, uliuza chochote, ulilima, au ulisaidia biashara ya familia?" atasema ndiyo. Mtu yule yule, siku ile ile, yumo kwenye nguvu kazi au yuko nje kwa sababu ya sentensi. Na kama aliyejibu ni mume wake, uwezekano wa kuachwa nje ni mkubwa zaidi.

Halafu kuna mabadiliko ya 2013. Mkutano wa 19 wa kimataifa wa watakwimu wa kazi ulibadilisha maana iliyokuwa ikitumika tangu 1982. Zamani mkulima wa chakula cha nyumbani alihesabiwa mwenye kazi. Sasa anayelima au kuvua hasa kwa ajili ya kula nyumbani hahesabiwi kuwa ameajiriwa, hata kama ziada kidogo inauzwa. Kinachoamua ni sehemu kubwa ya mazao imekusudiwa nini. Mama wetu wa ndizi anaweza kuwa ndani kwa kipimo cha kale na nje kwa kipimo kipya, bila maisha yake kubadilika hata kidogo.

Ukubwa wake unaweza kuupima kwa hesabu ndogo. Hizi si takwimu za nchi yoyote, ni zoezi. Watu wazima 1,000: wanaofanya kazi ya kipato 420, wanaotafuta kazi 40, wanaolima kwa ajili ya kula tu 130. Kipimo cha kale: (420 + 130 + 40) ÷ 1,000 = asilimia 59. Kipimo kipya: (420 + 40) ÷ 1,000 = asilimia 46. Kiwango kimeshuka pointi 13. Kiwango cha ukosefu wa ajira nacho kimeruka kutoka 40 ÷ 590, yaani asilimia 6.8, hadi 40 ÷ 460, asilimia 8.7. Hata mhogo mmoja haujang'olewa.

Morisi, ambako kilimo cha kujikimu ni kidogo, haiathiriki sana na mabadiliko haya. Komoro inaathirika vibaya. Kwa hiyo ukilinganisha nchi hizi kwa namba za kabla na baada ya mabadiliko bila kuangalia, pengo utakaloliona litakuwa la watakwimu. Kama una faili la watu mmoja mmoja na lina swali la matumizi ya mazao, hesabu kwa njia zote mbili kwa miaka yote. Kama huna, kata mstari pale kipimo kilipobadilika na usiuunganishe tena. Kuzidisha mfululizo wa zamani kwa kizidisho fulani ili ukutane na mpya ni mbinu inayopendwa, na ni mbaya: uwiano wa wakulima wa kujikimu haukai vile vile kwa miaka 20.

Angalia pia miezi. Komoro inauza nje vanila, karafuu na mlangilangi, na msimu wa mavuno huwatoa nyumbani watu ambao miezi mingine hawamo. Utafiti wa wakati wa kuchuma na utafiti wa wakati wa mapumziko si jozi. Morisi inayohoji mwaka mzima haina shida hii.

Kupanga jozi

Kanuni inayofaa: sensa kwa sensa, utafiti kwa utafiti. Sensa huwa na maswali machache ya kazi na mara nyingi huwakosa wanawake na wasaidizi wa familia wasiolipwa, kwa hiyo sensa ya Komoro dhidi ya utafiti wa Morisi ni kumpambanisha aliyefungwa mguu.

Bahati nzuri sensa za nchi hizi zinakaribiana. Komoro ilihesabu 1980, 1991, 2003 na 2017. Morisi ilihesabu 1983, 1990, 2000, 2011 na 2022. Jozi tatu za mwanzo zinajipanga zenyewe: 1980 na 1983, 1991 na 1990, 2003 na 2000. Kwa 2017, kadiria Morisi kwa kukata kati: mwaka 2017 uko miaka 6 kati ya 11 kutoka 2011 kwenda 2022, basi chukua 5/11 ya kiwango cha 2011 ujumlishe 6/11 ya kiwango cha 2022. Weka alama kwamba pointi hiyo umeikadiria. Ukiwa na shaka na 2022 kwa sababu ya misukosuko ya korona, weka 2011 peke yake na useme hivyo.

Umri wa watu

Morisi ni nchi inayozeeka, Komoro ni ya vijana. Kiwango cha miaka 15 na zaidi huwachanganya wote kwenye sufuria moja, na mchanganyiko huo huficha mambo. Zoezi jingine, namba za kubuni tena. Kisiwa A, cha wazee: vijana wa 15–24 ni asilimia 18 ya watu wazima na wanashiriki kwa 40, wa 25–54 ni asilimia 50, wanashiriki kwa 80, wa 55 na zaidi ni asilimia 32, wanashiriki kwa 30. Kiwango ghafi: 7.2 + 40 + 9.6 = 56.8. Kisiwa B, cha vijana: makundi ni asilimia 34, 52 na 14, ushiriki ni 38, 76 na 28. Kiwango ghafi: 12.9 + 39.5 + 3.9, kama 56.4. Ukiishia hapa utasema wako sare.

Sasa vipe visiwa vyote umbo moja la umri, mathalani wastani wa yote mawili: 26, 51 na 23. A inapata 10.4 + 40.8 + 6.9 = 58.1. B inapata 9.9 + 38.8 + 6.4 = 55.1. Pengo la pointi 3 lilikuwa limejificha, na ukirudi juu utaona B ilikuwa chini katika kila kundi. Kwa ulinganisho wa miaka mingi, umbo hilo moja litumike kwa nchi zote na miaka yote. Ukibadilisha umbo kila mwaka, umerudi ulikotoka.

Huna majedwali kamili ya umri? Tumia miaka 25–54. Kundi hilo huondoa shule na ustaafu kwa mpigo, na kwa maoni yetu ni kipimo bora kuliko 15–64 kwa visiwa hivi.

Tofauti ndogo na makosa ya sampuli

Utafiti wa watu 3,000 ukitoa asilimia 45, makosa ya sampuli ni takriban pointi 1.8 juu au chini. Hiyo ni kama watu wangechaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Tafiti za kaya huchagua vijiji kwanza, halafu kaya, na hilo huweza kufanya utandawanyo (mraba wa makosa, si makosa yenyewe) kuwa mara mbili. Sasa ni pointi 2.5. Ukilinganisha tafiti mbili za namna hiyo, tofauti ya chini ya pointi 3.6 haina cha kusema. Vichwa vya habari vingi kuhusu "kupanda kwa pointi moja" hufia hapa. Makadirio ya modeli hayana unafuu: ulaini wa mstari wake si uhakika.

Kuchora, kisha kusoma

Grafu iwe ya alama, si mstari mtupu: duara lililojaa kwa namba iliyotokana na watu waliohojiwa, duara tupu kwa iliyokadiriwa. Tenganisha wanawake na wanaume. Wastani wa jinsia zote mbili kwa Morisi huficha karibu kila kitu cha maana kilichotokea. Mhimili wa wima ukianza na 40 badala ya 0, andika.

Ukifika kwenye maelezo, yatafute kwa kundi la umri na jinsia. Morisi ilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, na viwanda vya nguo vya miaka ya 1980 vikawavuta wanawake kwa wingi. Kwa hiyo angalia wanawake vijana kati ya sensa za 1983 na 1990. Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa dunia wa mgao wa nguo, ulioziwekea nchi kiasi cha kuuza nje, ulikoma, na kuanzia 2006 Umoja wa Ulaya ukaanza kukata bei ya sukari, jumla ya asilimia 36. Hapo angalia wanawake wa makamo wenye elimu ndogo, si vijana. Vijana wa 15–19 huwa wanashuka kwa sababu nyingine kabisa: sekondari ya bure tangu 1977, na masomo ya lazima hadi miaka 16 tangu 2005. Kushuka huko usikuite kukosa kazi.

Kwa Komoro hakuna kiwanda cha kuning'inizia hadithi. Kuna shamba, bahari, biashara ndogo na fedha zinazotumwa na ndugu walioko Ufaransa. Fedha hizo hufanya mambo mawili yanayopingana: humwezesha mtu kungoja badala ya kuchukua kibarua chochote, na humpa mwingine mtaji wa duka. Aliyehama naye ametoka juu na chini ya sehemu kwa pamoja, na kwa nchi iliyohesabu watu takriban 758,000 mwaka 2017, hao si wachache. Pia kumbuka Nzwani ilijitangazia kujitenga mwaka 1997. Kwa namba yoyote ya miaka iliyofuata, uliza kwanza kama makarani walifika visiwa vyote vitatu.

Chini ya grafu andika mstari mmoja: umri, maana ya kazi, eneo, chanzo cha kila alama, tarehe ya kupakua. Msomaji wa Moroni au Port Louis atauangalia huo kabla ya rangi zako.